Mdhamini Anapoitwa Kulipa: Hatua Zilizopo Kati ya Sahihi na Mnada

Mtu anapotia sahihi hati ya dhamana kortini hapa Malindi, mara nyingi hatoi hata shilingi moja siku hiyo, na nadhani hilo ndilo linalowafanya wengi watie sahihi kwa wepesi. Anaacha hati miliki ya shamba au logbuku ya gari, anaonyesha kitambulisho, anajibu maswali mawili matatu ya hakimu, kisha anatoka na jamaa yake aliyekuwa rumande, na jioni nyumbani kunapikwa pilau. Ahadi aliyoiacha nyuma, ya kwamba atailipa Jamhuri kiasi fulani cha pesa iwapo jamaa huyo hatafika kortini kila anapotakiwa, huanza kumdai asubuhi ile jina la mshtakiwa linapoitwa mlangoni mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na pasiwe na wa kuitika.

Kazi yangu ya usaidizi wa kisheria imenikutanisha na wadhamini wa kila namna: walimu waliostaafu, wavuvi wa Shella, wakulima wa Ganda na Mambrui, kina mama wanaouza samaki. Karibu wote hunijia na mojawapo ya imani mbili. Ama wanadhani mali yao imekwisha kwenda siku ile ile mshtakiwa alipokosa kufika, ama wanadhani wakinyamaza jambo litapoa lenyewe. Imani zote mbili si za kweli, na ya pili ndiyo inayowaumiza zaidi. Sheria ya Kenya imepanga hatua moja baada ya nyingine kati ya siku mshtakiwa anapokosa kufika na siku mali inapopigwa mnada, na mdhamini ana haki ya kusikizwa kabla hajatozwa chochote. Mdhamini asiyezijua hatua hizo hulipa hata pale ambapo hakupaswa kulipa, na korti isiyokumbushwa hatua hizo inaweza kuziruka.

Nianze na dhamana yenyewe. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pakiwa na sababu nzito za kumzuia, na haki hiyo haibagui kosa kubwa wala dogo. Namna ya kuitekeleza imo katika sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, yaani Sura ya 75. Kifungu cha 123 kinasema kiasi cha dhamana kisipite mpaka na kipimwe kwa hali ya kesi. Kifungu cha 124 kinataka hati itiwe sahihi na mshtakiwa mwenyewe na, pale korti inapotaka wadhamini, na mdhamini mmoja au zaidi, kwamba mshtakiwa atafika mahali na wakati uliotajwa na ataendelea kufika mpaka aambiwe vingine. Kifungu cha 126 kinaruhusu pesa taslimu kuwekwa badala ya hati. Tofauti kati ya njia hizi ni kubwa linapokuja suala la dhamana kutwaliwa, yaani korti kudai pesa iliyoahidiwa kwa kuwa sharti limevunjwa: aliyeweka pesa taslimu, pesa zake tayari ziko mikononi mwa korti, lakini aliyetia sahihi kama mdhamini bado hajatoa kitu, na serikali ikitaka haki yake ni lazima imfuate kwa utaratibu.

Huku kwetu kuna jambo linaloufanya mzigo wa udhamini uangukie mabega machache. Ardhi ya ukanda wa pwani wa maili kumi iliandikishwa kwa sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, ambayo ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ajitokeze na athibitishe dai lake, na ile ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi walikuwa wakilima na kuzika wazee wao katika mashamba ambayo hawakupata kuyaandikisha, na wajukuu wao mpaka leo ni maskwota katika ardhi hiyo hiyo. Kuna pia wale wenye nyumba bila ardhi, yaani kuta na paa ni mali yao lakini kiwanja ni cha mtu mwingine anayepokea kodi ya ardhi. Mtu wa namna hii anaweza kuwa na nyumba nzuri ya mawe mtaani na bado asiwe na karatasi ya kumwekea mjukuu wake kortini. Kwa hiyo ukoo mzima humtegemea mjomba mmoja au shangazi mmoja mwenye hati miliki. Kijana akikamatwa Watamu, huyo ndiye atakayefuatwa. Mwengine akikamatwa Magarini, ni yeye tena. Kukataa ni aibu, na aibu hiyo hudumu kuliko kesi. Ninayajua haya kwa sababu ni ya ukoo wangu pia, na ndiyo sababu sipendi kumsikia mtu akimlaumu mdhamini kwamba alijiingiza mwenyewe.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Mshtakiwa ameitwa, hakuitika. Kiongozi wa mashtaka husimama na kuomba hati ya kumkamata, na hakimu huitoa, au huahirisha utekelezaji wake kwa siku chache pakiwa na maelezo ya awali ya kuridhisha. Mara nyingi hapo hapo hutolewa pia samansi ya kumwita mdhamini. Mambo haya mawili hayamaanishi kwamba dhamana imekwisha kutwaliwa. Kifungu cha 131 kinataka kwanza korti iridhike, kwa uthibitisho, kwamba sharti la dhamana limevunjwa; kisha iandike katika kumbukumbu zake sababu za kuridhika huko; kisha ndipo iweze kumwita kila aliyefungwa na hati hiyo alipe kiasi kilichotajwa au aonyeshe kwa nini asilipe. Hizo ni hatua tatu, na mpangilio wake si wa mapambo. Ikiwa kumbukumbu ya siku hiyo inasema tu kwamba mshtakiwa hayupo na dhamana imetwaliwa, bila mdhamini kuitwa wala kusikizwa, basi amri hiyo imejengwa juu ya mchanga na wakili atakuwa na la kusema mbele ya Mahakama Kuu.

Mama mmoja wa Shella aliniletea karatasi ya namna hiyo, ameikunja ndani ya kifuko cha plastiki pamoja na kitambulisho chake na risiti za umeme. Alikuwa amemdhamini mtoto wa kaka yake kwa shilingi 200,000 na kuweka hati ya kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Karatasi ilikuwa na namba ya kesi, jina lake lililokosewa herufi moja, kiasi cha pesa, tarehe, na maneno ya kumtaka afike alipe au aeleze.

"Mwanangu, hapa wanasema nikafungwe?" aliniuliza.

"La, mama. Wanasema uende ukaseme."

Tulikaa barazani tukaulizana maswali. Kijana alionekana lini mara ya mwisho? Simu yake inazima au haipokelewi? Rafiki zake wanasemaje? Ndipo ikajulikana kwamba rafiki mmoja alikuwa amesikia kijana amekamatwa Mombasa kwa jambo jingine kabla ya tarehe ya kesi yake ya Malindi, na kwamba alikuwa mahabusu Shimo la Tewa. Hakuna aliyemwambia shangazi kwa sababu kila mmoja alidhani mwenziwe amemwambia. Mtu aliye chini ya ulinzi wa serikali hawezi kujileta mwenyewe kortini, na korti ya Malindi haikuwa na njia ya kujua mpaka iambiwe. Tulipata namba ya kesi ya Mombasa, mama akaapa hati ya kiapo akieleza alivyofuatilia, na siku aliyotakiwa akasimama mbele ya hakimu kwa baibui lake jeusi na kifuko kile kile mkononi, akasema. Hakimu aliamuru kijana aletwe kutoka gerezani, na ile ilani dhidi ya shangazi ikaondolewa. Kama mama huyu angebaki nyumbani kwa hofu, kumbukumbu ingesomeka kwamba mdhamini aliitwa akakataa kufika, na hapo pangekuwa na sababu ya kumfuata.

Sheria haikuorodhesha sababu zinazotosha. Imeiachia korti ipime. Kwa niliyoyaona na kuyasoma, zinazosikizwa ni zile zinazoonyesha mambo mawili: kwamba kukosekana kwa mshtakiwa hakukuwa kutoroka, au kwamba mdhamini alifanya yote yaliyokuwa ndani ya uwezo wake. Ugonjwa wenye karatasi ya hospitali husikizwa, na kifo chenye cheti au kibali cha mazishi, na tarehe iliyoandikwa tofauti kwenye hati ya mshtakiwa na kwenye jalada. Huku pwani kuna sababu zetu pia. Mtu wa Faza au Kizingitini anayetakiwa korti ya Lamu hufika kwa boti, na kusi ikivuma kwa nguvu kuna siku boti hazitoki. Anayesafiri kutoka Lamu kuja Malindi hupita barabara ambayo mafuriko ya Mto Tana yamewahi kuikata, na ambayo kwa miaka mingi mabasi yamekuwa yakisindikizwa na askari kwa sababu za usalama. Hakimu aliyekaa pwani anayajua hayo, lakini kujua kwake hakutoshi kuandikwa katika kumbukumbu. Pelekeni barua ya chifu, tiketi ya basi yenye tarehe, na ikiwezekana nahodha mwenyewe aje aseme. Picha za simu nazo husaidia zikiambatana na kiapo cha aliyezipiga.

Sababu isiyosikizwa ni ile ya kusema "niliombwa tu" au "alinidanganya kwamba atakwenda". Mdhamini alijifunga kwa ajili ya hatari hiyo hasa, na korti haiwezi kuichukulia kuwa udhuru. Hata hivyo kuna uzito katika kuonyesha kwamba hukuhusika na utoro huo na kwamba ulijitahidi. Katika miaka ya 1970, Mahakama ya Rufani ya Uingereza chini ya Lord Denning ilibatilisha amri dhidi ya mke aliyemdhamini mumewe aliyetoroka, kwa sababu mahakimu hawakuangalia kama mke huyo alikuwa na kosa lolote katika kutoroka kwake. Hukumu za Uingereza haziifungi korti yetu, lakini mawakili wa Kenya huzitaja na mahakimu huzisikiliza. Zaidi ya hayo, kifungu chetu wenyewe kimeweka mlango: kifungu cha 131, fungu la tano, kinairuhusu korti kusamehe sehemu ya kiasi kilichotajwa na kudai kilichobaki tu. Nimeshangaa mara nyingi kuona mdhamini anaomba asamehewe zote au hakuna, na akikataliwa anakaa kimya, wakati angeweza kueleza kipato chake, watoto anaowasomesha, siku alizotumia kumtafuta mshtakiwa na nauli aliyoitoa, akaomba apunguziwe. Wengine huomba pia muda wa kumtafuta mshtakiwa na kumleta. Korti nyingi hutoa muda huo pale zinapomwona mdhamini ana nia, na mshtakiwa akipatikana na kuletwa kabla ya amri ya kulipa kutolewa, mambo hulainika sana.

Ikiwa sababu haikutosha na pesa hazikulipwa, ndipo ukusanyaji unapoanza. Korti inaweza kutoa hati ya kukamata na kuuza mali inayohamishika ya mdhamini. Hati hiyo hutekelezwa ndani ya mipaka ya korti iliyoitoa, na ikiwa mali iko nje ya mipaka hiyo, ni lazima iidhinishwe na hakimu wa huko kwanza. Kwa hiyo korti ya Mombasa ikitaka boti iliyotia nanga Malindi, hati yake haina nguvu juu ya boti hiyo mpaka hakimu wa Malindi aweke idhini yake. Mdhamini ana haki ya kuomba kuiona hati na kuisoma kabla chochote hakijabebwa.

Na hapa nina neno kuhusu kinachobebwa. Kifungu kinazungumzia mali ya mdhamini, si ya nyumba anamoishi. Cherehani ya mke ni ya mke. Mashine ya boti iliyonunuliwa na wavuvi wanne kwa mchango si yake peke yake. Tuktuk anayoiendesha kwa siku na kumpelekea tajiri hesabu jioni si yake hata kidogo. Mwenye mali iliyochukuliwa kimakosa asingoje mnada. Aende kortini na risiti au logbuku yenye jina lake na kupinga, kwa maana kitu kikishauzwa, kukirudisha ni kazi ya miaka.

Mtu ataniuliza: na ile hati miliki iliyoko kortini je? Inapowekwa kama dhamana, korti huishika, na mara nyingi huagiza kizuizi kiandikwe kwenye sajili ya ardhi ili kiwanja kisiuzwe wala kuhamishwa mpaka kesi iishe. Ndiyo sababu karani hudai upekuzi rasmi wa sajili na ripoti ya thamani kabla mdhamini hajakubaliwa. Lakini maneno ya kifungu cha 131 kuhusu kukamata na kuuza yanataja mali inayohamishika, na kiwanja hakihamishiki. Anayeambiwa kwamba shamba lake litauzwa wiki ijayo kwa sababu ya dhamana aone wakili mara moja, tena akumbuke kwamba ikiwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka ridhaa ya wanandoa wote wawili kabla mali hiyo haijatolewa. Wala asitulie kwa kudhani kwamba yuko salama. Maadamu kizuizi kipo na deni halijafutwa, kiwanja hicho hakiwezi kumfaa kwa mkopo wala kwa mauzo.

Kifungo kinakuja mwisho kabisa. Ikiwa pesa hazikulipwa na haziwezi kupatikana kwa kukamata na kuuza mali, korti iliyotoa hati inaweza kuamuru mdhamini afungwe kwa muda usiozidi miezi sita. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu nimemwona mzee wa makamo, katika korti moja ya pwani, akiwekwa selo asubuhi ile ile alipofika mwenyewe kuitikia wito, na kuambiwa kwamba atatoka jamaa zake wakileta pesa. Hapakuwa na hati ya kukamata mali, hapakuwa na maelezo yake yaliyoandikwa, hapakuwa na amri ya kifungo. Jamaa zake walichanga, wakauza ng'ombe na kukopa kwa jirani, wakalipa. Yule mzee alikuwa na sababu nzuri ya kusema na hakupewa nafasi ya kuisema. Jambo hilo liliniuma na linaniuma, kwa kuwa mtu aliyekuja kwa miguu yake akiwa na kofia mkononi ndiye ambaye sheria ilikusudia kumsikiliza.

Amri yoyote iliyotolewa na hakimu chini ya kifungu cha 131 inaweza kukatiwa rufani Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu inaweza pia kuiangalia upya. Kifungu cha 132 kinasema hivyo waziwazi. Muda wa kukata rufani katika kesi za jinai ni siku 14 tangu siku ya amri. Ni muda mfupi kwa mtu ambaye bado anatafuta nani wa kumsomea karatasi. Ukipita, inabidi uombe ruhusa na ueleze kilichokuchelewesha. Sisi wa Malindi tuna bahati ya kuwa na Mahakama Kuu hapa mjini. Ndugu zetu wa Lamu hupeleka mambo yao Garsen, na safari hiyo peke yake inaweza kula siku mbili katika zile 14. Yeyote anayetaka kukata rufani aombe nakala ya kumbukumbu za korti siku ile ile amri inapotolewa, na pamoja na rufani aombe utekelezaji usimamishwe, kwa maana rufani peke yake haimzuii dalali.

Kabla ya yote hayo kuna kifungu ambacho wadhamini wachache sana wanakijua, nacho ni cha 128. Mdhamini anaweza wakati wowote kumwendea hakimu na kuomba aondolewe katika dhamana. Halazimiki kungoja mshtakiwa atoroke. Hakimu hutoa hati ya kumleta mshtakiwa, na akishafika, mdhamini hufunguliwa na mshtakiwa hutakiwa kutafuta mwengine; asipompata anaweza kurudishwa rumande. Huu ndio mlango wa mjomba anayeona kwamba kijana ameanza kuhamahama, ameuza simu, hapatikani nyumbani usiku. Najua ugumu wake. Kumrudisha mtoto wa dada yako rumande ni jambo ambalo halisemeki kwa urahisi mbele ya dada yako. Lakini mdhamini huyo huyo ana watoto wake na kiwanja kimoja, na sheria haikumtaka awe mlinzi wa milele. Pakiwa na habari kwamba mshtakiwa anataka kuondoka nchini, kifungu cha 130 kinairuhusu korti, ikipewa taarifa ya kiapo, imkamate kabla hajaondoka.

Jingine linalosahaulika ni kifo cha mdhamini. Akifa kabla dhamana haijatwaliwa, mirathi yake haidaiwi chochote, ingawa mshtakiwa anaweza kutakiwa kuleta mdhamini mpya. Akifa baada ya amri ya kulipa kutolewa, deni hufuata mali yake. Kwa sisi ambao deni la marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana, tofauti ya tarehe hizo mbili ina uzito mkubwa, na familia inayokwenda kwa kadhi kugawa urithi inafaa iulize kwanza kama kuna hati ya marehemu iliyolala kortini kwa ajili ya kesi ya mtu mwingine.

Nimejaribu kulinganisha sheria yetu na za kwingine ili nione kasoro yake iko wapi. Katika majimbo mengi ya Marekani udhamini ni biashara: kuna makampuni ambayo mshtakiwa huyalipa ada isiyorudishwa, mara nyingi asilimia 10 ya dhamana, na kampuni ndiyo inayojifunga kwa korti. Majimbo ya Illinois, Kentucky, Oregon na Wisconsin yaliipiga marufuku biashara hiyo, na Illinois ikaondoa kabisa dhamana ya pesa mwezi wa Septemba 2023. Uingereza kwa upande wake, katika sheria yake ya dhamana ya mwaka 1976, ilifanya kuwa kosa kukubaliana kumfidia mdhamini hasara yake, kwa hoja kwamba mdhamini asiye na cha kupoteza hatajali kama mshtakiwa atafika. Biashara ya Marekani siitamani. Kile ninachokitamani kutoka huko ni hesabu ya siku. California, baada ya korti kutangaza dhamana imetwaliwa, karani hutakiwa kumpelekea mdhamini ilani ndani ya siku 30, na mdhamini hupewa siku 180 za kumleta mshtakiwa. Akimleta ndani ya muda huo, amri ya kutwaa huondolewa. Korti nayo, muda huo ukiisha, ina siku 90 tu za kutoa hukumu ya kudai pesa, ikichelewa haki ya kudai inapotea. Kampuni yenye mawakili na watafutaji imepewa nusu mwaka. Shangazi wa Shella hana hata siku moja iliyoandikwa. Anategemea ukarimu wa hakimu aliyempata.

Ukarimu huo upo, na nimeuona. Lakini mdhamini mmoja kupewa miezi mitatu na mwenziwe kupewa wiki moja, kwa kesi zinazofanana na katika jengo moja, si jambo la kuachwa hivyo. Mwongozo wa dhamana uliotolewa na idara za haki mwaka 2015 ulisaidia sana kuweka usawa katika kutoa dhamana. Upande wa kuitwaa unahitaji usawa ule ule: ilani inayoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, muda usiopungua siku kadhaa zilizotajwa katika sheria, na fomu fupi ambayo mdhamini anaweza kuijaza mwenyewe kueleza sababu zake. Bunge linaweza kuongeza hayo katika kifungu cha 131 bila kuibomoa sheria yote, na kamati za watumiaji wa korti za Malindi na Lamu zinaweza kuanza na fomu hata kabla ya Bunge kukaa.

Kuhusu watu wanaozunguka maeneo ya korti wakijitolea kumdhamini usiyemjua kwa malipo, nitasema machache: hati wanazobeba mara nyingine ni za kughushi, na zikigundulika dhamana hufutwa, mshtakiwa hurudi ndani, na pesa mliyowapa haionekani tena.

Na kesi inapokwisha, iwe mshtakiwa ameachiliwa au amehukumiwa, mdhamini asidhani kwamba karatasi zake zitajirudia. Aombe korti imfungue rasmi na iagize hati yake irudishwe, achukue nakala ya amri hiyo yenye muhuri, aipeleke ofisi ya ardhi ili kizuizi kiondolewe, kisha baada ya muda afanye upekuzi mwingine kuhakikisha kwamba kimeondolewa kweli. Aliyeweka pesa taslimu aandike maombi ya kurudishiwa akiambatisha risiti ya asili, nakala ya kitambulisho, amri ya korti na maelezo ya akaunti yake ya benki. Risiti hiyo hutolewa kwa jina la aliyelipa, kwa hiyo siku ya kulipa hakikisheni kwamba jina lililoandikwa ni la mwenye pesa, si la kijana aliyetumwa kwenda kuzilipa.